Onyesha Kipande

Kazi yangu ilikuwa vidole. Nilikuwa karani wa usajili wa watu huku Pwani, zama za wino na rola, kabla ya hizi mashine za kioo. Mtu alinawa, akajipangusa kwa tambara, nami nikamshika mkono na kumbiringisha vidole kimoja kimoja, ukucha hadi ukucha, kwanza juu ya wino kisha juu ya fomu. Ukimwambia alegeze mkono ndipo anapoukaza. Walikuja wanawake wabanguaji wa korosho ambao mafuta ya ganda yalikwisha kuwachoma ncha za vidole hata mistari haionekani. Walikuja wachonga mawe ya matumbawe, wavuvi wa mishipi, na vikongwe ambao ngozi imelainika ikawa haina cha kuchapa. Fomu ilikuwa na visanduku kumi na haikujali. Tulirudia, na tukirudia sana mtu huanza kutuomba radhi, kana kwamba ametunyima haki yetu.

Radhi zile zilinikera miaka yote niliyokaa upande wa ndani wa dirisha. Nilipostaafu nikaanza kusoma nijue zilianzia wapi.

Sinema hutuonyesha kwamba alama za vidole zilibuniwa ili kukamata wezi. Mwanzo wake ni mkataba wa kazi. Mwaka 1858, huko Bengal, afisa wa Kiingereza aitwaye William Herschel alimtaka mkandarasi mmoja, Rajyadhar Konai, atie alama ya kiganja chake nyuma ya karatasi ya makubaliano, ili kesho asije akadai kwamba si yeye. Tangu siku hiyo kuna upande unaochapisha vidole na upande unaohifadhi karatasi. Baadaye Francis Galton akaandika kitabu, 1892, akaonyesha kwamba mistari hiyo haibadiliki maishani. Lakini kujua kwamba haibadiliki si kujua namna ya kuipata kabatini kati ya maelfu. Tatizo hilo lilitatuliwa Calcutta na wasaidizi wawili wa polisi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Jina lililobaki kwenye mfumo ni la bosi wao, Edward Henry. Mimi niliyekuwa karani siwezi kupita hapo bila kuwataja hao wawili.

Hesabu yao ni nzuri, nikiri. Vidole kumi hupangwa kuwa jozi tano, na kila jozi hupewa thamani: 16, 8, 4, 2, 1. Kidole chenye mistari inayozunguka huhesabiwa thamani ya jozi yake. Kile ambacho mistari inapinda tu, au inakwenda na kurudi, hakipati kitu. Ukijumlisha vidole vya kwanza vya jozi peke yake, na vya pili peke yake, unapata makundi 1,024, na kila binadamu anaangukia katika mojawapo. Karani anafungua droo moja badala ya elfu. Calcutta walifungua ofisi ya kazi hiyo 1897, Scotland Yard wakafuata 1901. Miaka michache baadaye ikafika kwetu, na kwetu haikuishia kwa wahalifu. Iliwafuata vibarua.

Masetla wa Kenya, iliyokuwa ikiitwa bado Himaya ya Afrika Mashariki ya Kiingereza, walikuwa wamegawiwa ardhi kubwa kuliko walivyoweza kuilima wenyewe. Kodi ya kibanda iliwatoa wanaume makwao kwenda kutafuta rupia. Shida ilikuwa kwamba mtu akiona kazi mbaya, au posho ndogo, au kiboko, aliondoka usiku, akaenda shamba jingine na kutaja jina jingine. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya 1910 ilikuwa imekwisha kulifanya hilo kosa la jinai: kuacha kazi kabla ya mkataba kwisha kulimpeleka mtu jela, si kwenye madai ya kawaida. Lakini sheria hiyo haikuwa na macho. Unamfunga nani ikiwa humjui?

Ndipo ikapitishwa Sheria ya Usajili wa Wenyeji, 1915. Vita Kuu na uchukuaji wa wapagazi vikaichelewesha, ikaanza kutekelezwa baada ya vita, chini ya Gavana Edward Northey, wakati uleule askari wastaafu wa Kiingereza walipokuwa wakiletwa kugawiwa mashamba zaidi. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na kuendelea alitakiwa kusajiliwa. Karatasi yake, iliyoitwa kipande, ilikuwa na jina, kabila, wilaya, alama za vidole, na nafasi ya kuandikia kila mwajiri, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, mshahara, na saini. Ilitiwa ndani ya kibati, kibati kikatungwa kamba, kamba ikavaliwa shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, jina la kengele ya mbuzi, na sidhani kuna mwanahistoria aliyekieleza vizuri zaidi. Kukosa kuwa nacho kulikuwa kosa la faini au kifungo.

Ukitaka kuona ujanja wa chombo hiki usitazame vidole. Tazama ile nafasi ya saini. Mfanyakazi hakuweza kuandikwa mahali pengine mpaka bwana wa kwanza atie saini kwamba amemwachia. Bwana akikasirika hatii. Mtu yu huru barabarani, hana deni, hana kesi, lakini hana saini, kwa hiyo hana kazi, na kodi inamngoja nyumbani. Nakala ya alama zake iko Nairobi. Akienda Nakuru na jina jipya, droo moja kati ya zile 1,024 inamrudisha kwenye jina la zamani. Kufikia 1931 walikuwa wamesajiliwa wanaume zaidi ya milioni moja. Naambiwa hakukuwa na mfumo mkubwa kama huo wa alama za vidole kwa raia wasio na hatia katika makoloni mengi ya wakati huo, na makabati yake yalijazwa na makarani kama mimi, wengi wao Waafrika waliokuwa na vipande vyao wenyewe mfukoni.

Serikali ilisema kipande ni kwa faida ya mfanyakazi, eti kitathibitisha mshahara wake na kumtambulisha akifa safarini. Sikatai kwamba wapo waliofaidika. Kila chombo cha aina hii huja na faida yake ya kweli, ndiyo maana ni vigumu kubishana nacho. Majirani zetu wa Tanga nao walikuwa na kipande chao, kadi ya siku 30 za kazi katika mashamba ya mkonge, nayo ilitetewa kwa hoja hizohizo.

Hapa Mombasa suala lilichukua sura nyingine, na wazee hawapendi kulizungumza. Sheria ilikuwa ya "wenyeji", na nani mwenyeji lilikuwa swali lenye fedha na heshima ndani yake. Waarabu walihesabiwa nje. Waswahili wa Thenashara Taifa, waliooana na Waarabu hao vizazi na vizazi, wakahesabiwa ndani. Ndugu wa tumbo moja kwa damu wakawa mbalimbali kwa sheria. Wakubwa wetu walipigania miaka mingi watolewe kwenye fungu la wenyeji. Nawaelewa. Lakini naona pia kwamba walikuwa wakiomba kutoka kwenye mstari, hawakuomba mstari ufutwe, na majirani wao Wamijikenda waliliona hilo na hawakulisahau.

Wahindi wa Transvaal walikuwa wamefanya tofauti kidogo. Agosti 1908, katika uwanja wa msikiti wa Hamidia mjini Johannesburg, Mohandas Gandhi na wenzake walichoma vyeti vya usajili mbele ya umati. Wao pia walikuwa wakidai heshima yao zaidi ya heshima ya Waafrika waliobeba pasi mji huohuo. Historia ya vitambulisho imejaa watu wanaosema "si mimi, ni yule".

Aliyesema vingine Kenya ni karani wa simu. Harry Thuku alifanya kazi Hazina mjini Nairobi, akiunganisha laini za wakubwa, na Juni 1921 akaanzisha chama cha vijana wa Kikuyu, ambacho wiki chache baadaye kikawa Chama cha Afrika Mashariki ili kisiwe cha kabila moja. Madai yake yalikuwa kodi, mishahara iliyokuwa imepunguzwa, kulazimishwa kwa wasichana na wanawake kufanya kazi mashambani, na kipande. Alihutubia mikutano ya maelfu, na katika mikutano hiyo aliwaambia watu wavikusanye vipande vyao vipelekwe vikatupwe kwenye nyumba ya Gavana. Wakati huohuo kule Nyanza, Desemba 1921, mkutano wa Lundha ulikuwa ukilalamikia jambo hilohilo. Serikali ilielewa hatari. Mtu mmoja akitupa kipande ni mhalifu, elfu kumi wakivitupa ofisi ya usajili inabaki na makabati ya karatasi zisizo na wenyewe.

Wakamkamata tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikuwa umekaa nje ya kituo cha polisi, karibu na Hoteli ya Norfolk. Wajumbe waliokwenda kuzungumza na serikali walirudi wakisema watu watawanyike. Wanaume wakaanza kuondoka. Mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, akapandisha gauni lake mpaka mabegani na kuwaambia wanaume walichukue wao, yeye wampe suruali zao. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasonga kwenye lango, bunduki zikalia. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufa. Idadi rasmi ilikuwa watu 21. Waafrika waliohesabu wao walipata zaidi ya mara mbili, na ilisemwa siku zote kwamba hata masetla waliokuwa barazani Norfolk walifyatua. Sheria ya kipande haikumgusa Nyanjiru hata kidogo. Wanawake hawakusajiliwa. Kila ninaposikia mtu akisema hana neno na jambo fulani la serikali kwa kuwa yeye halimhusu, humkumbuka huyu.

Thuku akapelekwa Kismayu, mji uliokuwa bado wa Kenya mpaka Jubaland ilipokabidhiwa Waitalia 1925, na hakurudi kwao mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1930. Tangu kukamatwa kwake, kipande kikaendelea kuning'inia robo karne nyingine.

Kilichokiangusha ni Vita Kuu ya Pili na waliorudi kutoka vitani, pamoja na chama cha KAU (Kenya African Union), ambacho Jomo Kenyatta alikuja kukiongoza 1947. Serikali ikafuta sheria ya zamani na kuleta Sheria ya Usajili wa Watu ya 1947. Rangi zote sasa, wanaume wa kila taifa, vidole kumi. Hapo ndipo palipozuka kichekesho ambacho natamani kingefundishwa shuleni. Masetla waliokuwa wamesema kwa miaka karibu 30 kwamba alama za vidole ni jambo la kawaida lisilomvunjia mtu heshima waligundua ghafla kwamba ni fedheha. Wakaandika magazetini, wakafanya mikutano, wakasema wanafanywa wahalifu. Ikaundwa tume ya Sir Bertrand Glancy, na 1950 ikapata dawa: anayeweza kujaza fomu mwenyewe kwa Kiingereza ataruhusiwa kutoa picha na saini badala ya vidole. Rangi haikutajwa popote. Kila mtu Kenya alijua maana yake.

Nimeisoma dawa hiyo mara nyingi nikiistaajabia. Ni mfano wa namna sheria inavyoweza kuwa sawa kwa wote kwenye karatasi na isiwe sawa dirishani, na wanasheria wetu wa leo hawajaacha kuutumia.

Baada ya Dharura ya Mau Mau kutangazwa Oktoba 1952, Wakikuyu, Waembu na Wameru walirudishiwa kitu kibaya kuliko kipande, pasibuku, bila hiyo mtu hasafiri wala hafanyi kazi. Tarehe 24 Aprili 1954 Nairobi ilizingirwa katika Operesheni Anvil na askari wapatao 25,000. Watu walipangwa foleni, wakapitishwa mbele ya mtu aliyevishwa gunia lenye matundu mawili ya macho, naye alitikisa kichwa tu. Alama za vidole, kwa ubaya wake wote, angalau haziwezi kununuliwa wala kutishwa.

Uhuru ukaja na Sheria ya 1947 ikabaki. Watu hushangaa nikiwaambia hivyo. Imerekebishwa mara nyingi, lakini ndiyo hiyohiyo, Sura ya 107 ya sheria za Kenya. Wanawake waliingizwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na nilipoanza kazi wengi walikuwa bado wanakuja na waume zao kuwasemea. Kitambulisho kikawa kadi. Neno halikubadilika, mpaka leo kijana wa Likoni atakwambia anafuatilia kipande chake.

Mwaka 1989 ikatangazwa operesheni ya kuwachuja Wasomali wa Kenya. Waliopita mchujo walipewa cheti cha rangi ya waridi cha kuonyesha kwamba wao ni Wakenya kweli, juu ya kitambulisho cha Kenya walichokuwa nacho tayari. Raia mwenye vyeti viwili ana uraia pungufu kuliko mwenye kimoja. Huku Pwani hatukuwa na cheti cha waridi, lakini tulikuwa na kamati. Sitaitaja ofisi wala wilaya. Vijana wawili wa mtaa mmoja, wamesoma darasa moja, wanafika siku moja. Mmoja jina lake halina shaka, anachapishwa vidole na kwenda zake. Mwingine ana jina la Kiarabu au la Kinubi au sura ya Kibajuni, anaambiwa arudi siku ya kamati, na wazee wa kamati wanamtaka cheti cha kuzaliwa cha babu. Babu kazaliwa nyumbani Faza, zama ambazo hakuna karani aliyefika Faza. Tulikuwa tukijua hakipo. Kijana naye alijua tunajua. Akatoka akituomba radhi.

Wamakonde wa Kwale, ambao wazazi wao waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mkonge na miwa, walikaa hivyo kwa vizazi. Bila kitambulisho huna laini ya simu kwa jina lako, huna M-Pesa, huna akaunti, huingii jengo la serikali kwenda kulalamika kwamba huna kitambulisho. Oktoba 2016 waliamua kwenda Nairobi kwa miguu. Mwaka uliofuata wakatambuliwa. Wapemba wa Kilifi na Kwale walingoja mpaka 2023. Hakuna mashine mpya iliyohitajika kwa jambo hilo, ni uamuzi tu, na ungeweza kufanywa 1963.

Kwa hiyo Huduma Namba, mfumo mpya wa kumpa kila mtu namba moja ya utambulisho, ilipokuja sikuhitaji kuelezwa. Iliingizwa kupitia marekebisho madogo ya sheria mbalimbali, yaliyoanza kutumika Januari 2019, na ndani yake mlikuwa na vinasaba na mahali mtu anapoishi kwa setilaiti. Chini ya neno "madogo". Nubian Rights Forum, watu wa Kibera wanaojua kamati kuliko mtu yeyote, walikwenda mahakamani pamoja na mashirika ya haki za binadamu. Usajili ulianza Aprili, watu wakapanga foleni kwa hofu ya kunyimwa huduma ingawa mahakama ilikwisha kusema isiwe lazima, na serikali ikatangaza karibu watu milioni 37. Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu, Mumbi Ngugi, Pauline Nyamweya na Weldon Korir, waliviondoa vinasaba na setilaiti, na kusema mfumo usiendelee bila kanuni za kutosha za kuulinda. Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akabatilisha utoaji wa kadi kwa sababu haikufanywa kwanza tathmini ya hatari kwa taarifa za watu. Serikali iliyofuata ikaja na Maisha Namba, nayo ikasimamishwa na mahakama, ikaachiliwa, ikasimamishwa tena, ikaachiliwa.

Wajukuu zangu wananiona mzee anayeogopa kompyuta. Siziogopi. Mashine ingemfaa sana yule mama mbangua korosho, kwa kuwa inaweza kumtambua kwa jicho au uso pale vidole vinapogoma. Na wale walioleta kesi hawakupinga kitambulisho, walikuwa wakikitafuta. Ninachopinga ni kimoja tangu 1915 mpaka leo. Sheria humdhania mtu maskini, au mwenye jina lisilopendwa, kuwa si yeye mpaka athibitishe, na humpa karani uwezo wa kungoja bila kikomo. Wino ulifanya hivyo polepole. Mtandao utafanya kwa sekunde moja, na hakutakuwa na karani wa kumwona mtu usoni.

Februari 2025, huko Wajir, Rais William Ruto alitia saini tamko la kuondoa mchujo wa ziada kwa watu wa kaunti za mpakani. Nimefurahi. Lakini tamko ni la rais, na rais mwingine anaweza kulifuta kwa kalamu. Kifungu cha 8 cha Sura ya 107, kinachompa afisa wa usajili uwezo wa kumtaka mtu alete ushahidi zaidi wa aliyoyasema, kingalipo. Ningekiandika upya hivi: aliyezaliwa Kenya, akileta mashahidi wawili wanaomfahamu, atasajiliwa siku hiyo, ofisi ikiwa na shaka, itaandika shaka yake kwa maneno, itampa nakala, itatafuta ushahidi yenyewe kwa gharama yake ndani ya siku 30, na siku hizo zikipita kimya, kitambulisho kitatoka.